Mjadala: Mtaalamu wa maabara achome sindano za urembo?

Kisura wa Tabata: Wakuu, rafiki yangu ana shahada ya maabara na anataka kufungua kliniki ya urembo: Botox ya kuondoa mikunjo, fila za midomo (sindano za kujaza midomo), dripu za kung'arisha ngozi. Anasema Brazil baraza lao la taaluma liliwaruhusu wanabiomedisini, yaani watu wa maabara kama yeye, tangu 2011. Na sisi turuhusu?

Mtoto wa Ilala: Mpima mkojo ashike uso wa mtu? Hapana.

Darubini: Kaka, ukiumwa malaria nani anayeiona? Daktari anasubiri jibu langu ndipo aandike dawa. Damu za vichanga tunatoa sisi, mishipa yenyewe huioni. Futa hilo neno.

Mtoto wa Ilala: Nimetaja kazi, sijatukana. Au mkojo hampimi?

Darubini: Tunapima, na huo mkojo ndio uliomwokoa mama yako na kisukari. Heshima kidogo.

Mtoto wa Ilala: Mama yangu anaingiaje hapa?!

Sista wa Zamu: Jamani, turudi kwenye uso. Kutoa damu mkononi unatafuta vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Usoni kuna ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zinazoungana na za jicho. Fila ikiingia humo mtu anaweza kupofuka, tena ghafla. Huyo rafiki ana dawa ya kuyeyusha fila pale mezani? Anajua dalili za mwanzo? Mimi ningeanzia hapo kabla ya vyeti.

Mzee wa Kariakoo: Sista, wauguzi ndio wanaopita majumbani na dripu za weupe usiku. Msijitakase.

Sista wa Zamu: Usinijumlishe, mzee wangu. Anayefanya hivyo ashtakiwe barazani kwetu. Mimi sijawahi.

Mzee wa Kariakoo: Basi samehe. Lakini watu wanajipaka mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni, vimepigwa marufuku miaka na bado vinauzwa. Afadhali huyo wa maabara, angalau anajua sumu ni nini.

Dokta Mdogo: Afadhali hiyo inatuletea wagonjwa, mzee. Botox ni sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Ikikaa pasipo pake, kope inadondoka kwa wiki kadhaa. Na nisiwafiche: shahada ya udaktari peke yake haitufundishi fila. Anayechoma awe amesomea hiyo kazi, chini ya mtaalamu wa ngozi au wa upasuaji rekebishi.

Darubini: Mmesikia! Daktari mwenyewe anasema hawafundishwi. Basi tusome wote, tufanye wote.

Dokta Mdogo: Sijasema hivyo. Mgonjwa akipata mzio mkali na kukata pumzi, utamchoma adrenalini kwa leseni ipi?

Darubini: Kwa hiyo nimwache afe? Na yule wa Ilala bado hajafuta neno lake.

Kisura wa Tabata: Dokta, hayo mafunzo yanapatikana hapa Dar au mpaka asafiri? Ameshalipia chumba Sinza.