Bega, kiuno na goti: kuchuliwa, hijama au fizio, kipi kinafaa wapi?

MchumaKarafuu_Wete
Asalaam alaykum jamani. Bi mkubwa wangu ana bega la kulia linamuuma, lilianza kidogo kidogo bila kuanguka wala nini, sasa hata kujifunga kanga tabu, mkono kwa nyuma haufiki kabisa na usiku akilalia upande ule anaamka. Sukari anayo, dawa anakunywa. Kila jirani ana lake, mmoja anasema kuna bibi Mtambwe anachua kwa mafuta ya karafuu, mwengine anasema hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, mwengine fizio hospitali, yaani tiba ya viungo, na mdogo wangu yuko hotelini Nungwi anasema masaji ya kule inalegeza mwili mzima. Mie nataka kujua tofauti zao khasa maana kila mtu anasema chake ndio dawa. Mwenye ujuzi atwambie.

Binti_Jambiani
Wa alaykum salaam kaka, pole na umpe pole mama. Mie la bega silijui ila la kiuno nalijua, mama yangu analima mwani tokea zamani na unajua kazi ile bamvua ikifika ni kuinama masaa na kunyanyua magunia yaliyorowa. Alikuwa anachuliwa na shangazi, na raha anapata wallahi, analala vizuri, lakini bamvua ijayo maumivu yale yale. Fizio alimkanda kidogo tu, muda mwingi akamfundisha mazoezi na namna ya kunyanyua, akamwambia asikae kitandani kiuno kikiuma, atembee. Mwanzo mama akasema huyu hajanifanya kitu. Lakini mazoezi akayashika, na sasa kuchuliwa anaomba akichoka tu, si kila wiki. Kwa hiyo mie nasema vyote viwili lakini bila mazoezi unarudi pale pale.

fizio_mjini
Kazi yangu ndiyo hii kwa hiyo nitakuwa mrefu mnisamehe.

Bega la Bi mkubwa kwanza. Mtu mzima, sukari, limeanza lenyewe, linauma usiku, mkono haufiki nyuma, hapo mie nafikiria bega lililoganda, yaani ule mfuko unaofunika kiungo kwa ndani unakuwa mnene na unakaza, na wenye sukari wanalipata zaidi kuliko watu wengine. Jaribu hivi, mkalishe, kiwiko akibane ubavuni, halafu wewe ushike mkono wake taratibu uupeleke nje. Kama hata kwa mkono wako hauendi basi kiungo chenyewe kimekaza, kama wewe unaupeleka vizuri ila yeye peke yake ndio hawezi basi huenda ni kano, yaani ule uzi unaoshika msuli na mfupa, na hayo ni mambo mawili mbali mbali. Bega kama hili linaweza kuchukua mwaka mpaka miaka 3 kufunguka, asikudanganye mtu kuwa siku moja atalifungua.

Sasa tofauti. Anayechua anafanya kazi kwenye misuli, misuli ya shingo na bega inakaza kwa sababu ya kulilinda lile bega, ikilegea atalala, hiyo ni faida ya kweli, lakini mfuko wa kiungo uko chini na haujaguswa. Fizio anashika mfupa karibu kabisa na kiungo anausogeza kidogo kidogo mbele nyuma. Fizio mmoja, Maitland wa Australia, aliugawa msogezo huo daraja, la 1 na la 2 ni nyepesi za kutuliza maumivu, la 3 na la 4 zinakwenda mpaka pale kiungo kinapokaza, na la 5 ni ule mpigo mmoja wa haraka. Kwa njia ya mwengine, Mulligan wa New Zealand, fizio anakishikilia kiungo huku mgonjwa mwenyewe ananyanyua mkono, na sharti lake kubwa lisiume, likiuma ubadilishe au uache. Ndio maana kabla ya kugusa lazima upimwe, bega lililo kwenye maumivu makali ukilivuta kwa nguvu linazidi kuchachamaa, na mtu asiyepima hajui yuko daraja gani.

Na ule mlio wa "ka!" watu wanaoupenda, si mfupa uliotoka umerudi. Ni gesi kwenye maji ya kiungo. Mikono yetu sote, fizio na mchua, kwa sehemu kubwa inatuliza mishipa ya fahamu, nafuu yake ni masaa au siku chache, na ndani ya nafuu ile ndio ufanye mazoezi maana ndio yanayobaki. WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa muongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, masaji imo, kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono imo, mazoezi na kuelimishwa vimo, mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa mashine hawakushauri. Goti la wazee lililolika pia ni hivyo hivyo, nguvu ya misuli ya paja ndio inayombeba anapoinuka kwenye sijda, mikono inasaidia juu yake.

Abuu_Nassir
Hijama ni sunna na mie ninaifanya, sina ugomvi na fizio. Wengi wanaokuja kwangu na mgongo au shingo wanaondoka wepesi. Lakini kwa mama mwenye sukari mie ningesema asikimbilie kuchanjwa kwa wembe, kidonda chake hakiponi haraka, akitaka basi aumikwe kavu bila wembe. Na popote mtakapokwenda wembe uwe mpya mbele ya macho yenu na vikombe visafi, homa ya ini na ukimwi vinapita hapo hapo. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye upungufu wa damu mie namrudisha.

fizio_mjini
Shukran sheikh, na wote wangekuwa wanauliza kama wewe tungepumzika.

Golikipa_Mkwajuni
Na kuteguka jee? Huku kiwanjani mtu akiteguka kifundo kuna mzee anauvuta mguu pale pale na kuuchua kwa maji moto.

fizio_mjini
Siku 2 au 3 za mwanzo msichue kwa nguvu wala maji moto, uvimbe unazidi. Fungeni bendeji, mguu uwe juu, barafu kwenye kitambaa, halafu aanze kuuchezesha taratibu. Asipoweza kupiga hatua 4, au ukibonyeza mfupa wenyewe anaruka, eksirei kwanza. Mfupa uliopasuka ukivutwa unaweza kuhama.

Masaji_Nungwi
Mie nafanya masaji hotelini, nisemee upande wetu. Sisi tunamlegeza mtu, tunamtoa uchovu, hatukufundishwa kupima ugonjwa, na mwenzangu asikwambie vyengine. Kuna mambo siyagusi, mgeni katoka kwenye ndege safari ndefu mguu mmoja umevimba kwa nyuma na una joto, simchui hata alipe nini, hiyo huenda ni damu imeganda na ikisukumwa inapanda kwenye mapafu. Mtu ana homa, au maumivu yanamwamsha usiku na amekonda bila sababu, au kiuno kinauma na ganzi iko katikati ya mapaja na mkojo haumtii, huyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wanalia mifupa, wasipelekwe kuchuliwa, wapelekwe kwa daktari. Shingo ya mtu mie siizungushi kwa nguvu.

MchumaKarafuu_Wete
Mashaallah nimefahamu. Nimemjaribu sasa hivi, hata mimi nikiupeleka mkono nje hauendi. Nitampeleka. Kabla ya hapo afanye nini nyumbani, na mafuta ya karafuu tuyaache?

fizio_mjini
Msiyaache, ila yale ya makonyo, yaani vijiti vya karafuu, makali kama yanavyotoka kiwanda cha Wawi yanaunguza ngozi, tieni matone machache kwenye mafuta ya nazi, muchueni shingo na bega kwa upole. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwanza, yapime wewe kwa mkono wako maana mwenye sukari huenda hahisi moto vizuri. Halafu ainame, mkono usiouma aushikize kwenye meza, mkono unaouma auache uning'inie auyumbishe mbele nyuma na kwa mduara, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, maumivu yasizidi ya pale alipoanzia. Usiku aweke mto chini ya mkono. Hapo Wete ulizieni fizio hospitali, asipokuwepo jaribuni hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee Mkoani, na daktari huenda akamtajia sindano ya bega, muulizeni itapandisha sukari kiasi gani maana huwa inapanda kwa siku chache. Kadi yake ya sukari mwende nayo.