Mjadala: Je, jina la Tanga libaki la jiji peke yake?

Mtoa hoja, Ngamiani

Ndugu wanamjadala, jina la Tanga limebeba vitu viwili, jiji na mkoa, na anayelitumia humwachia msikilizaji kazi ya kukisia ni kipi kinachokusudiwa. Mpwa wangu alipopata nafasi ya masomo, barua aliyotumiwa ilitaja jina la chuo, namba ya sanduku la posta na neno "Tanga", basi. Alipanda basi la Tanga kutoka Dar es Salaam, akashuka stendi ya Kange na godoro lake kichwani, na hapo dereva wa bajaji ndiye aliyemweleza kwamba chuo anachokitafuta kipo Lushoto. Njiapanda ya Segera, ambako mtu wa Lushoto huelekea Korogwe na Mombo, alikuwa ameipita zamani. Alilala kwetu, na asubuhi akarudi njia ile ile kwa nauli ambayo mama yake aliikopa.

Uzembe wa karani mmoja hautoshi kubadili jina la mkoa, nakubali. Hata hivyo, kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.6, na jiji halikufikisha laki 4. Yaani katika kila watu sita wanaoitwa wa Tanga, watano hawaishi Tanga. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, na kipo chuo cha ualimu Korogwe, lakini mzazi wa Mtwara au Kigoma husikia tu kwamba mwanawe anasoma Tanga, akawazia bahari.

Wenzetu wameliepuka tatizo hili. Makao makuu ya Mkoa wa Kilimanjaro ni Moshi, ya Kagera ni Bukoba, ya Mara ni Musoma, ya Ruvuma ni Songea, na hakuna anayekwenda Songea akapotelea mahali pengine kwa sababu ya jina. Mikoa mipya ilipoanzishwa mwaka 2012, Mpanda iliwekwa chini ya jina la Katavi na Bariadi chini ya Simiyu, ingawa Geita na Njombe walirudia mtindo wa zamani (kwa nini, sijapata kuelewa). Sisi tumekuwa jiji tangu mwaka 2005. Napendekeza jina la Tanga libaki la jiji, nao mkoa uitwe Usambara.

Mchangiaji, Soni

Mwalimu, shikamoo. Pole kwa yaliyompata kijana, lakini dawa uliyoitoa ni kali kuliko ugonjwa.

Mimi ni Msambaa, na jina la Usambara lingenifurahisha kuliko mtu yeyote humu. Ndiyo maana naona vyema kulikataa mimi mwenyewe. Mzigua wa Handeni au Kilindi, Mbondei wa Muheza na Mdigo wa Mkinga wote watauliza ni lini walihamia milimani. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka hapo mjini kwenu mwaka 1893 waliiita reli ya Usambara, kwa hiyo hata hilo la kuupa upande wote jina la milima yetu si geni, wala halikuwahi kutuunganisha.

Nikiwa Dar es Salaam nikiulizwa kwetu ni wapi, hujibu Tanga. Nikijibu Soni nitaulizwa Soni ndiyo wapi, na mwisho wa maelezo yote ni Tanga vilevile. Jina hilo ni langu kama lilivyo lako wewe uliyezaliwa Ngamiani, na sioni kwa nini nilirudishe kwa sababu ofisi fulani ilishindwa kuandika neno moja, Lushoto.

Mchangiaji, Pangani

Naongeza dogo. Wapo wanaodai kwamba jina la Tanga haliguswi kwa kuwa ndilo lililoizaa Tanganyika, tanga na nyika. Hoja hiyo tuiweke kando, kwa sababu Waingereza waliichagua Tanganyika mwaka 1920 kutokana na ziwa, na ziwa lenyewe lipo kilometa 1,000 hivi kutoka hapa. Kuhusu hoja yenyewe, namuunga mkono mwalimu nusu: wageni wanaokuja kwetu kwenye fukwe za Ushongo nao huambiwa wanakwenda Tanga, wakashangaa kuona safari bado inaendelea.

Mtoa hoja, Ngamiani

Marahaba, mwanangu wa Soni. Usambara naliondoa. Nililichukua kwa kuwa linatamkika vizuri, nami sikumfikiria Mzigua. Hilo ni kosa langu. Sina jina jingine mkononi, na mkoa haubadilishwi jina kabla jipya halijapatikana.

Ninachokikataa ni kusema kwamba ofisi moja ilisahau neno moja. Mabango ya vyuo, matangazo ya kazi, hata kadi za harusi huandika Tanga pekee, nasi tulio mjini ndio tunaopigiwa simu na watu waliopotea. Ikiwa jina litaendelea kuwa letu sote, basi anwani ianze na mji, kisha mkoa: Lushoto, Tanga; Handeni, Tanga; nasi wa mjini tuandike Jiji la Tanga bila kuona kwamba tunajikweza. Nani humu anapinga hilo?