Hesabu ya waliomo kwenye tovuti hupanda tu: Session_End imeenda wapi?

Mleta uzi, Kasarani
Hamjambo wadau. Ninatunza tovuti ya wanachama wa sacco moja hapa Nairobi, iliyoandikwa kwa ASP.NET ya zamani (mfumo wa Microsoft wa kutengeneza tovuti) yenye faili la Global.asax, ambamo huandikwa cha kufanya matukio fulani yanapotokea. Meneja hutaka kujua ni wanachama wangapi wamo ndani, kwa hiyo hesabu huanza na sifuri katika Application_Start (programu inapoanza), huongezwa moja katika Session_Start (kipindi cha mtumiaji kinapoanza) na kupunguzwa moja katika Session_End (kipindi kinapokwisha). Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipoongeza seva ya pili na kuhamishia vipindi vya watumiaji kwenye hifadhidata ya SQL Server. Sasa namba hupanda bila kushuka, na kila seva ina yake. Je, kuna mpangilio wa web.config, faili la mipangilio ya tovuti, unaorekebisha jambo hili?

Fundi wa Seva
Ndugu, mpangilio huo haupo. Session_End hutokea tu vipindi vinapohifadhiwa kwa modi ya InProc, yaani ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe. Ukitumia modi zinazohifadhi vipindi nje ya programu, yaani StateServer au SQLServer, tukio hilo halitokei kabisa. Vilevile, kilichowekwa katika Application, hifadhi ya programu nzima kama hiyo hesabu yako, hukaa ndani ya mchakato mmoja, wala seva mbili haziwezi kukigawana.

Jirani wa Roysambu
Kwa nini asirudi InProc, kisha kila mwanachama aelekezwe kwenye seva ileile kila mara? Ni kazi ya mchana mmoja.

Fundi wa Seva
Itafanya kazi, lakini namba itaendelea kudanganya. Mwanachama akifunga kivinjari seva haipati habari, bali husubiri dakika 20, muda wa kawaida usipoubadilisha, zipite ndipo imwondoe. Isitoshe, ukigusa web.config programu huanza upya na vipindi vyote vya InProc hupotea, na IIS yenyewe, programu ya seva inayoendesha tovuti, usipoibadilisha, huufunga mchakato na kuuanzisha upya kila baada ya dakika 1,740. Hizo ni saa 29, ndiyo maana watu hutupwa nje saa tofauti kila siku, pengine katikati ya fomu ya mkopo.

Mimi ningeweka jedwali lenye namba ya mwanachama na wakati wa ombi lake la mwisho, kwa saa ya hifadhidata, kisha nihesabu walioonekana katika dakika tano zilizopita. Angalia tu kama ukurasa wa salio hujisasisha wenyewe, kwa maana maombi hayo yatamhesabu hata aliyekwisha kwenda kupanda matatu, yaache nje.

Mleta uzi, Kasarani
Nashukuru sana. Ila Session_End pia ndiyo iliyokuwa ikifungua fomu ya mkopo iliyoshikiliwa na karani mmoja ili mwingine asiiguse.

Fundi wa Seva
Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya namba ya meneja. Andika katika safu ya mkopo jina la karani na wakati ambapo haki yake ya kuushikilia itakwisha, uusogeze wakati huo mbele kila anapohifadhi, na karani mwingine aruhusiwe kuuchukua mkopo wakati huo ukishapita.