Kitenzi "gainsay": maana yake na kinavyotumika

Kalamu7: Wakuu, ripoti moja imeandika: "It cannot be gainsaid that the records were altered." Gain ninayoijua mimi ni kupata faida, hapa sioni inaingiaje. Kumbukumbu zilibadilishwa au la? Na kitenzi hiki kinafaa kwenye barua ya kikazi?

Mzamiaji: Zilibadilishwa, na mwandishi anadai hilo halipingiki. Gain hii haina undugu na faida. Ni kiambishi cha zamani chenye maana ya "dhidi ya", kilekile kilichomo ndani ya against. Gainsay basi ni kusema kinyume: kukana, kupinga, kubisha. Wakati uliopita ni gainsaid, na -said hutamkwa "sed" kama kawaida. Gainsayed usiandike.

Siku hizi kitenzi hiki kwa kawaida hakitembei bila ukanushi: cannot be gainsaid, no one can gainsay, there is no gainsaying. Ukisahau not, ukaandika "It is gainsaid that the records were altered", maana imepinduka: sasa unasema kuna wanaokana.

Tuo: Nyongeza: si kila penye deny unaweza kukipachika. Deny hubeba shamirisho mbili (they denied him entry) na hufuatwa na -ing (he denied taking it). Gainsay hukataa yote mawili. Chenyewe hutaka shamirisho moja, iwe hoja, ushahidi au mtu: "Nobody dared gainsay her." Against usiiongeze baada yake, imo tayari.

Halafu kuna "no gain saying", gainsaying iliyokatwa vipande viwili. Hilo ni kosa tupu.

Kalamu7: There is no gainsaying inafuatwa na nini?

Tuo: Nomino (the evidence), au the fact that kisha sentensi kamili.

Mzamiaji: Kuhusu barua: kina harufu ya maandiko ya kale, kimo hata kwenye Biblia ya King James ya 1611, Luka 21:15. Kwenye hoja za kisheria na hotuba kinakaa vizuri. Kwenye barua ya kawaida kinajikweza bure, "clearly" inatosha. Tena cannot be gainsaid haimaanishi tu kwamba wewe una uhakika, inadai hakuna awezaye kupinga. Kama upande wa pili umeshaleta ushahidi wa kupinga, andika "the evidence shows that", maana watakujibu kwa sentensi yako mwenyewe.