Mradi wa mafuriko unaochanganya idara kibao chuoni: niingie au nibaki na mainjinia wenzangu?

Mto_Mpana
Habari zenu wadau. Naomba mawazo hasa kwa nyie mliopita kwenye utafiti. Niko masters ya uinjinia, upande wa maji, na nimependekezwa kuingia mradi wa chuo wa kupunguza hasara za mafuriko. Mafuriko yenyewe hayanitishi, ndio kazi yangu, ila humo ndani kuna watu wa jiografia, sosholojia, uchumi, afya ya jamii, hali ya hewa na jamaa wa kompyuta. Msimamizi wangu anasema nitapotea, nitakaa vikaoni mwaka mzima halafu thesisi itagusa kila kitu na haitakuwa na kina popote. Mimi moyo unataka kwenda manake modeli za maji tunazo nzuri tu, tunajua maji yatafika wapi na kwa kina gani, na bado watu wanakufa palepale ambapo ramani ilionyesha, hilo linaniumiza kweli. Swali langu, hivi kuna mahali hii kuunganisha fani imepunguza vifo kweli, au inabaki kwenye maandishi ya kuombea fedha tu?

Bi_Tambarare
Ndugu yangu nenda. Hilo la watu kufa palepale ramani iliposema ndio sababu yenyewe ya utafiti wa aina hii kuwepo. Soma habari za Armero, Colombia. Oktoba 1985 wanasayansi walishatoa ramani ya hatari ya volkano ya Nevado del Ruiz na mji wa Armero ulikuwa ndani ya njia ya tope kabisa. Novemba 13 usiku mlima ukalipuka, joto likayeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka mabondeni, na lilichukua kama masaa mawili na zaidi kufika mjini. Masaa mawili! Muda huo mtu anatembea kwa miguu mpaka sehemu ya juu na anapona. Walikufa zaidi ya watu 20,000. Jiolojia ilikuwa sahihi. Kilichokwama ni nani anatoa amri ya kuhama, nani atabeba lawama ikiwa mlima hautalipuka, watu wanamwamini nani, redio inasema nini wakati majivu yanaanza kudondoka (wakazi waliambiwa watulie nyumbani). Hayo yote hakuna kifaa cha kupimia tetemeko kitakachokuambia.

Na upande wako wa maji, mtafute Gilbert White, mtu wa jiografia aliyemaliza udaktari wake Chuo Kikuu cha Chicago 1942. Yeye alishaona kwamba Marekani inajenga mabwawa na matuta ya kuzuia maji kwa pesa nyingi na hasara za mafuriko haziishi, kwa sababu tuta likishajengwa watu wanaona bonde limekuwa salama, wanajenga nyumba na viwanda nyuma yake, siku maji yakilizidi tuta hasara inakuwa kubwa kuliko zamani. Injinia alifanya kazi yake vizuri kabisa, ila hakuna aliyemuuliza mtu wa ardhi na wa uchumi nini kitatokea bondeni baada ya miaka ishirini. Hata zile grafu zenu za kina cha maji dhidi ya uharibifu wa nyumba, wazo lake la mwanzo wengi wanalirudisha kwake. 1976 akaanzisha kituo cha majanga Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ambacho mpaka leo kinakutanisha watafiti na watu wa serikali chumba kimoja.

Salma_Takwimu
Naongeza ya vimbunga maana umeuliza kama vifo vimepungua. Kimbunga cha 1970 kwenye Bangladesh ya sasa kiliua watu wanaokadiriwa 300,000 au zaidi. 1991 kikaja kingine, kama 140,000. 2007 kikapiga kingine kilichoitwa Sidr, kikali nacho, vifo vikawa kama 3,400. Bado ni wengi, kila mmoja ana kwao, lakini angalia tofauti.

Sasa kilichofanyika katikati ndio jibu lako. Utabiri uliboreshwa ndiyo, na wafanyakazi wa kujitolea walishaanza tangu miaka ya 1970 kupita vijijini na vipaza sauti. Ila baada ya 1991 mainjinia wa chuo kikuu cha uhandisi na teknolojia cha Dhaka walikaa na watafiti wa taasisi ya masomo ya maendeleo ya hukohuko, wakatoa mpango mkuu wa majengo ya kujikingia kimbunga. Sio zege na nguzo tu, waliangalia jengo liwe umbali gani watu wafike, na litumike kama shule siku za kawaida ili lisiachwe likaoza. Na watu wa jamii na afya walipochunguza vifo vya 1991 wakakuta wanawake wamekufa wengi kupita wanaume, na sababu ziko nje kabisa ya modeli: mama anasubiri mume arudi ndio atoke, amebeba watoto, anaona aibu kulala chumba kimoja na wanaume wasio wa kwake, hakuna choo. Wengine hawataki kuacha ng'ombe maana ng'ombe ndio benki yao. Ndio maana siku hizi majengo mengi mapya yana vyumba vya wanawake na sehemu ya mifugo. Niambie ni modeli gani ya maji ingekuonyesha kwamba choo kinaokoa maisha.

Kalamu_Nyekundu
Mimi nitasema upande wa pili maana wote mnamsukuma tu. Haya mambo ni mazuri lakini msimamizi wake hajakosea moja kwa moja. Miradi mingi ya hivi inaitwa ya pamoja halafu kila idara inajifungia kwake, mwaka wa mwisho mtu mmoja anapewa kazi ya kubandika sura za watu sita kwenye ripoti moja. Anayeumia ni mwanafunzi. Majarida makubwa ya fani yako yanataka hesabu mpya ya maji, yale ya mchanganyiko kamati ya kupandisha vyeo haiyajui, na wewe unatafuta kazi.

Halafu shida ambayo watu hawaisemi ni data. Injinia ana gridi ya mita kumi (eneo limekatwa vipande vya mita kumi kumi) na matokeo ya kila saa. Mchumi ana takwimu za kata nzima, zimekusanywa kwenye sensa. Daktari ana idadi ya wagonjwa wa kuhara kwa mwezi, kwa hospitali, wakati mafuriko yalikaa siku mbili na wagonjwa walitoka mitaa tofauti. Ukizileta mezani hazikutani popote, unabaki kupiga wastani mpaka kile ulichokuwa unakitafuta kinapotea. Kwa hiyo kabla hujaingia uliza: kipimo cha wote ni kipi? Kama ni kaya, basi wote wakusanye kwenye kaya zilezile, tarehe zilezile, na kibali cha maadili kiombwe mapema kwa sababu mahali ilipo nyumba ya mtu ukichanganya na ugonjwa wake hiyo ni siri yake. Wakikujibu kwamba hilo litapangwa baadaye, kaa mbali.

Mto_Mpana
Asanteni sana, hii ya Kalamu Nyekundu ya kaya zilezile nimeikopi kama ilivyo. Naomba kuuliza moja tena, hawa wa sosholojia wanataka tutumie miezi ya mwanzo kuzungumza na wakazi kabla mimi sijaendesha modeli hata moja. Je ni sawa? Naona kama muda wangu unaliwa.

Bi_Tambarare
Ni sawa kabisa na nenda nao, usitume mtu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko karibu na kitovu cha tetemeko la 2004, na kati ya watu zaidi ya 70,000 tsunami iliua 7 tu. Walikuwa na masimulizi kutoka tsunami ya 1907 kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia kilimani, usisubiri mtu. Hakukuwa na king'ora. Wakazi wanaweza kukuambia maji huwa yanaanza kuingilia mfereji gani, na ukiangalia kwenye data zako za mwinuko huo mfereji haupo kwa sababu ni mwembamba kuliko gridi yako. Hapo modeli yako imeshakuwa bora kabla hujaiwasha. Pia jifunze kwa wale wa kituo cha utafiti wa majanga kilichoanzishwa Ohio 1963, siku hizi kiko Delaware, waliokuwa wanakwenda eneo la janga mara tu linapotokea kuangalia watu wanafanya nini hasa. Walikuta taharuki ya umati ni nadra, na wanaookoa wengi mwanzoni ni majirani. Ukijua hivyo hutapanga uokoaji kama vile watu wamekaa tu wanasubiri boti.

Kalamu_Nyekundu
Hapo nakubaliana na dada. Ila jilinde: sura mbili za thesisi ziwe uinjinia mzito ambao msimamizi wako hawezi kuubisha, moja iwe ya kuunganisha. Nani anaandika jina lake kwenye makala ipi, mwandikiane mwanzoni. Na muombe afisa wa maafa na mtu wa hospitali waje kikaoni kabla dodoso halijaandikwa, wasiitwe siku ya kuzindua ripoti. Huyo wa hospitali akishakuambia anahitaji masaa mangapi kuhamisha wodi ya wazazi na mashine za oksijeni, ndio utajua modeli yako inatakiwa itoe onyo mapema kiasi gani na kwa uhakika kiasi gani, na hiyo sura ya tatu umeshaipata.