Naombeni ushauri: dogo anataka kuacha soka awe mpigaji kwenye futiboli ya Kimarekani

Wadau habari zenu, tupo huku Texas, mdogo wangu amekulia kwenye soka na mguu wake una nguvu balaa, sasa kocha wa futiboli ya Kimarekani hapo haiskuli kamuona anamtaka awe mpigaji wao, yule anayeingia kupitisha mpira katikati ya nguzo kwa pointi 3. Dogo haambiliki, kila saa ananitajia Brandon Aubrey, mpigaji wa timu ya Dallas Cowboys, jamaa alikuwa soka, akachukuliwa na klabu ya soka ya Toronto FC 2017, ikagoma akawa anatengeneza programu za kompyuta, kaja kuingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, 2023 na mipira yake 35 ya kwanza ya pointi 3 yote ikaingia. Inatia moyo kwa kweli, ila timu zenyewe 32 tu na kila moja kwa kawaida inabeba mpigaji mmoja, ukikosakosa mechi mbili tatu wanaweza kukutimua wakaleta mwingine. Mama hataki kabisa kusikia.

Wenye watoto huku nisaidieni, skolashipu ya chuo kwa mpigaji inapatikana kweli? Na anaweza kubaki na soka huku anajifunza hii? Kocha anataka jibu kabla ya mazoezi ya kiangazi.