Mapitio ya msimbo yamegeuka vita: mwenzetu mwandamizi tumwendeeje?

fundi_wa_seva
Wadau, naomba ushauri. Timu ya watu sita, mfumo wa malipo. Mwandamizi wetu ndiye anayeujua mfumo kuliko sote, na kila badiliko lazima lipite kwake. Ombi la kuunganisha (pull request, yaani kuomba badiliko liingizwe kwenye msimbo mkuu) linakaa siku kadhaa, kisha linarudi na maoni lukuki, mengi ya majina ya vigeu (variables) na nafasi kati ya mistari. Ukirekebisha, anaibua mengine kwenye mistari ileile aliyokwisha kuipitisha. Juzi kamwandikia kijana mpya: "Hii takataka, anza upya." Meneja anasema tukaelewane wenyewe. Tuanzie wapi?

mkaguzi77
Hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye: utaratibu mbovu na lugha mbaya. Anza na utaratibu, huo unarekebishika bila kumgusa mtu.

Mpangilio wa mistari iachieni mashine. Kipangaji cha msimbo (formatter, programu inayonyoosha mwonekano wa msimbo) kiendeshwe kabla ya majaribio. Kikikataa, kazi haifiki kwa mkaguzi. Tahadhari: mkipanga upya hazina nzima ya msimbo kwa mkupuo, `git blame` (amri ya Git inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari mara ya mwisho) itaonyesha kila mstari uliobadilika ni wa aliyeendesha kipangaji. Wekeni utambulisho (commit hash) wa badiliko hilo kwenye faili `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs` (Git 2.23 na kuendelea). Na fanyeni siku ambayo maombi yaliyo wazi ni machache, la sivyo migongano ya mabadiliko kwenye mistari ileile itawamaliza.

Kisha kila maoni yabebe lebo: LAZIMA, PENDEKEZO au SWALI. LAZIMA pekee ndiyo inazuia kazi, nayo ieleze kitakachoharibika: hesabu itakosea, siri itavuja, kanzidata italemewa. Duru ya pili iguse mistari iliyobadilika tu, isipokuwa ameona hitilafu ya kweli. Jibu la kwanza lije ndani ya siku moja ya kazi. Ndicho kikomo kilichomo kwenye mwongozo wa mapitio ambao Google imeuweka wazi. Nanyi timizeni upande wenu: ombi la mistari 1,500 nani atalisoma vizuri? Likizidi 400 ligawanyeni, na kupanga upya msimbo kusichanganywe na kubadilisha kazi yake.

zamu_ya_usiku
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila swali ambalo halijaulizwa: mfumo ukianguka saa nane usiku, anapigiwa nani? Kama ni yeye siku zote, basi anakagua kama mtu atakayelipa kila deni. Lebo hazitamtuliza. Gawaneni zamu ya dharura: mtu mpya afuatane naye zamu mbili akitazama, ya tatu ashike mwenyewe huku mwandamizi akiwa nyuma. Kila tukio liandikiwe hatua za kurekebisha, amri kwa amri.

Lile neno "takataka" ni jambo jingine. Mtu mmoja azungumze naye faragha, akiwa na maoni hayo mkononi. Mfano: "Jumanne kwenye ombi la kurejesha malipo uliandika hivi. Hayakuonyesha kosa liko wapi, kwa hiyo kazi imesimama na mwenzetu hajui arekebishe nini. Naomba uandike kasoro na mstari wake." Halafu nyamaza umsikilize. Usimwambie ana kiburi, wala "wote tunalalamika". Ataacha hoja aanze kutafuta ni nani aliyelalamika.

fundi_wa_seva
Asanteni sana. Na akikataa katakata?

mkaguzi77
Rudi kwa meneja, safari hii na jedwali badala ya malalamiko: namba ya ombi, tarehe lilipofunguliwa, lilipopata jibu la kwanza, lilipounganishwa, na ni maoni mangapi yalihusu hitilafu. Wiki nne zinatosha. Omba uamuzi mmoja unaotekelezeka: idhini ya yeyote kati ya wakaguzi wawili iunganishe kazi, isipokuwa folda za hesabu za malipo, ambazo zibaki chini ya jina lake kwenye faili la CODEOWNERS (linalotaja nani lazima aidhinishe sehemu ipi ya msimbo). Msimwondoe huko, ujuzi wake mnauhitaji.

zamu_ya_usiku
Nyongeza: matusi yakigusa jinsia, dini au asili ya mtu, msisubiri wiki nne. Hifadhini nakala ya maandishi yenye tarehe, muipeleke siku hiyohiyo kwa meneja na idara ya rasilimali watu.